Michael Graham, Mpimaji wa Samaki wa Nyanza

Mwulize mwanafunzi wa shule yoyote ya sekondari mjini Kisumu ni Mzungu yupi aliyeliona Ziwa Victoria kwanza, naye atakujibu bila kusita kuwa ni John Hanning Speke, mwaka wa 1858. Lakini ukimwuliza ni nani aliyeongoza uchunguzi wa kwanza wa kitaalamu wa uvuvi katika ziwa hilo zima, atakutazama tu. Simlaumu mwanafunzi huyo. Vitabu vyetu vya historia vimempenda mno mtu aliyelitazama ziwa akaenda zake, vikamsahau yule aliyezama katika kazi ya kujua lina nini ndani yake.

Mtu huyo ni Michael Graham. Alizaliwa nchini Uingereza mwaka wa 1898, akasoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha mwaka wa 1920 akaajiriwa katika maabara ya uvuvi ya Lowestoft, mji wa wavuvi ulioko pwani ya mashariki ya nchi hiyo. Hapo ndipo alipofundwa kazi. Wataalamu wa Lowestoft walikuwa na desturi ya kwenda baharini na meli, kuwanasa samaki, kuwapima urefu, kuwatia alama na kuwarudisha majini wakiwa hai. Mvuvi aliyemnasa samaki mwenye alama aliirejesha maabara, na kutokana na alama hizo wataalamu waliweza kujua samaki amesafiri umbali gani, amekua kiasi gani, na ni sehemu gani ya jamii yake inayoishia nyavuni kila mwaka. Leo ulimwengu unastaajabia misafara ya kuwanasa papa wakubwa weupe na kuwatia mitambo mgongoni. Mitambo ni mipya, lakini maswali ni yale yale ya Lowestoft.

Ni shida iliyomleta huku. Reli ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, wakati huo mji ukiitwa Port Florence, samaki wa ziwani walipata njia ya kufika masoko ya mbali. Mwaka wa 1905 zikaingia nyavu za kitani za kutega, ambazo zilivua kwa wepesi usiowahi kujulikana na wenyeji waliozoea migono, nyua za matete na makokoro ya mafunjo. Samaki aliyewindwa zaidi alikuwa ngege, kitoweo cha heshima katika kila nyumba ya Mjaluo. Kabla ya miaka 25 kupita, wavuvi wa Ghuba ya Kavirondo, ambayo leo twaiita Ghuba ya Winam, walikuwa wakitega nyavu nyingi zaidi na kupata ngege wachache zaidi kwa kila wavu. Serikali za kikoloni za Kenya, Uganda na Tanganyika zikaingiwa na wasiwasi, zikaomba mtaalamu.

Graham alikuwa hajatimiza miaka 30 alipofika mwaka wa 1927. Msaidizi wake, Edgar Barton Worthington, alikuwa mdogo zaidi, kwani alizaliwa mwaka wa 1905. Mpaka mwaka wa 1928 walilizunguka ziwa, wakitega nyavu za macho ya ukubwa mbalimbali na kulinganisha samaki walionaswa. Katika kazi hiyo Graham aligundua jambo ambalo mvuvi wa Kijaluo alilijua siku zote, ila sayansi ilikuwa bado: kwamba ngege ni samaki wa aina yake. Mwaka wa 1928 akamwandika katika daftari la elimu ya viumbe kwa jina la Tilapia esculenta, yaani tilapia anayefaa kuliwa. Sidhani kama mama yeyote wa Kisumu angehitaji Kilatini kumwambia hivyo.

Ripoti yake ilichapishwa mwaka wa 1929, na ndani yake mna ushauri wa mambo matatu ambayo mwalimu yeyote wa jiografia au biolojia angefaa kuyajua. Alitaka nyavu zenye macho ya chini ya inchi tano zipigwe marufuku, ili ngege apate nafasi ya kuzaa kabla ya kunaswa. Samaki huyu jike hulea mayai na makinda kinywani, wala hazai kwa maelfu kama samaki wengine. Alitaka pia ziwa lote liwe chini ya mamlaka moja ya uvuvi, kwa kuwa samaki hajui mpaka wa nchi. Na la tatu, alionya kwamba kumleta ziwani samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine ni hatari kubwa mno, na kwamba jambo hilo lisithubutiwe kabla ya utafiti wa kina.

Hatuna budi kukiri kwamba Graham alikuwa mtumishi wa dola ya kikoloni. Sheria ya jicho la inchi tano iliyotokana na ushauri wake ilimfikia mvuvi kama amri kutoka juu, na mwenye mtumbwi mmoja hakuulizwa lolote. Huenda hilo ni sababu mojawapo ya sheria hiyo kukosa watetezi ilipotikisika. Mamlaka ya ziwa zima iliundwa mwaka wa 1947, miaka 18 baada ya ripoti. Katika miaka ya 1950 zikaja nyavu za nailoni, na sheria ya inchi tano ikafutwa: Uganda na Tanganyika mwaka wa 1956, Kenya mwaka wa 1961.

Wakati huo Graham alikuwa amekwisha kupata sifa kwao. Alikuwa ameona jinsi Vita Kuu ya Kwanza ilivyozizuia meli za uvuvi na samaki wa Bahari ya Kaskazini wakaongezeka, kisha amani ikarudi na samaki wakapungua tena. Kutokana na hayo alieleza kanuni ambayo wanafunzi wa uvuvi husoma mpaka leo: penye uvuvi usio na mipaka, kila penye faida wataongezeka wavuvi, hadi faida yenyewe iishe na wote wabaki wakihangaika. Alikuwa mkurugenzi wa utafiti wa uvuvi huko Lowestoft kuanzia mwaka wa 1945 hadi 1958.

Onyo lake la tatu ndilo lililopuuzwa kwa gharama kubwa kuliko yote. Mbuta alitiwa ziwani upande wa Uganda kimyakimya katika miaka ya 1950, kisha rasmi mwaka wa 1962 na 1963, Kisumu ikiwa mojawapo ya mahali alipoachiliwa. Waliomtaka walisema kuwa ziwa limejaa fulu, visamaki vya miiba visivyo na bei, na kwamba mbuta angewageuza kuwa minofu. Hesabu yao ilitimia. Katika miaka ya 1980 mbuta alitawala Winam, viwanda vikafunguliwa, fedha za kigeni zikaingia, na watu wengi wakapata kazi. Anayeficha hilo hasemi kweli. Lakini fulu wa aina zinazokadiriwa kufikia 200 walitoweka, miti ikakatwa ili kumkausha mbuta mwenye mafuta mengi, na minofu ilipopelekwa Ulaya, maskini wa Kisumu aliuziwa mifupa iliyobaki, ile aliyoipa mwenyewe jina la mgongo wazi.

Graham hakuyaona hayo. Alifariki mwaka wa 1972, mbuta akiwa bado hajafurika. Ngege wake karibu atoweke kabisa katika ziwa kuu. Alishindana na nyavu, na mbuta, na pia sato aliyeletwa kutoka kwingine katika miaka hiyo hiyo ya 1950. Amesalia katika maji madogo ya kando, kama Ziwa Kanyaboli lililoko Siaya, ambako mafunjo ya kinamasi cha Yala yamemkinga. Wataalamu wamembadilishia jina la kwanza, sasa ni Oreochromis esculentus, na kwa kanuni zao jina la aliyemwandika kwanza likitajwa huwekwa ndani ya mabano, pamoja na mwaka: Graham, 1928.