HABARI ZA BENJAMIN FRANKLIN

Twataka kuwapasha habari za Benjamin Franklin, yule aliyewafundisha watu kuzilinda nyumba zao na radi, tena akawa mmojawapo wa walioiasisi dola ya Marekani.

Alizaliwa mjini Boston tarehe 17 Januari 1706. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa mishumaa na sabuni, mwenye watoto 17. Kwa hiyo Benjamin alisoma shuleni miaka miwili tu. Alipopata umri wa miaka 12 aliwekwa kwa kaka yake James, mpiga chapa, ajifunze kazi. Kaka huyo alimpiga mara kwa mara, hata mwaka wa 1723 kijana akatoroka, akaenda Philadelphia. Huko akajipatia kiwanda chake cha chapa, akatoa gazeti na kalenda ya kila mwaka. Hata hotuba za mhubiri George Whitefield alizipiga chapa, ingawa mwenyewe hakuongoka kwazo.

Mwaka wa 1736 mwanawe Francis, mtoto wa miaka 4, alikufa kwa ndui, naye hakuwa amechanjwa. Baba alijuta maisha yake yote, akawaonya wazazi wengine.

Mwaka wa 1752 alirusha tiara penye mawingu ya radi, ufunguo wa chuma umefungwa kwenye uzi. Akaona cheche zikiruka kutoka ufunguoni, akajua ya kuwa radi ni umeme. (Msijaribu jambo hilo, wako waliokufa kwa majaribio ya namna hiyo.) Basi akawashauri watu kusimamisha fimbo ya chuma juu ya paa, na waya kushuka mpaka ardhini. Wengine walinung'unika kwamba ni kuizuia hukumu ya Mungu. Lakini paa nalo huizuia mvua! Wala hakutaka malipo kwa uvumbuzi wake.

Mwaka wa 1776 alitia sahihi tangazo la kujitenga na Uingereza, kisha akapelekwa Ufaransa kuomba msaada, akaupata. Lakini mwanawe William, aliyekuwa gavana wa New Jersey, alishikamana na mfalme wa Uingereza, akafungwa gerezani. Baba na mwana hawakupatana tena kwa kweli.

Haifai tuwafiche neno moja. Mtu huyu aliyetetea uhuru alikuwa na watumwa nyumbani mwake, na gazeti lake lilipokea fedha kwa matangazo ya kuwauza watu. Moyo wake uligeuka polepole. Mwaka wa 1763 alikwenda kuitazama shule ya watoto weusi mjini Philadelphia, akaona ya kuwa akili zao ni sawa na za watoto weupe, akakiri kwamba alikuwa amewadhania vibaya. Twaona hayo yalikuwa magumu kwake kuliko mambo ya radi. Mwaka wa 1787 akawa mkuu wa chama cha kupinga utumwa katika Pennsylvania, na mwezi wa Februari 1790, mzee mgonjwa wa miaka 84, akatia sahihi ombi kwa Baraza Kuu la Marekani ili utumwa ukomeshwe. Wajumbe wengine walikasirika sana, na Baraza halikulikubali.

Alifariki tarehe 17 Aprili mwaka ule ule. Utumwa haukufutwa katika nchi yote mpaka mwaka wa 1865, baada ya vita vikubwa.