Thales: Mhenga aliyeufunza ulimwengu kudai uthibitisho

Mwanafunzi wa shule ya upili anapofikia mada ya sifa za pembe katika duara, hukutana na kanuni moja inayoonekana kama kiini macho. Huchora kipenyo cha duara, huchagua nukta yoyote kwenye mzingo, kisha huiunganisha nukta hiyo na ncha mbili za kipenyo. Popote atakapoiweka, pembe itakayojitokeza hapo ni ya nyuzi 90.

Kanuni hiyo huitwa kanuni ya Thales, kwa heshima ya mzaliwa wa Miletus, mji wa bandari wa Wagiriki uliokuwa katika pwani ya magharibi ya nchi inayojulikana leo kama Uturuki.

Thales alizaliwa yapata mwaka wa 624 KK. Babake aliitwa Examyes na mamake Cleobulina. Mwanahistoria Herodotus aliandika kwamba asili ya ukoo wake ilikuwa Foinike, taifa lililosifika kwa ubaharia na biashara.

Miletus wa enzi hizo ulikuwa mji wa shughuli nyingi. Vyombo viliingia na kutoka vikibeba mafuta ya zeituni, sufu na nafaka, na pamoja na bidhaa hizo yalikuja maarifa kutoka Misri na Babeli.

Wagiriki wa kale walisimulia kwamba Thales alisafiri hadi Misri na kujifunza jiometri kwa makuhani wa huko. Wamisri walikuwa mabingwa wa kupima ardhi, kwa kuwa mafuriko ya mto Nile yalifuta mipaka ya mashamba yao mara kwa mara.

Inasimuliwa kwamba akiwa huko alikadiria urefu wa piramidi bila kupanda hata hatua moja. Alisubiri hadi saa ambapo kivuli cha mtu hulingana na kimo chake, kisha akapima kivuli cha piramidi.

Lakini sifa kubwa ya Thales haikutokana na kupima. Wamisri na Wababeli walijua kupima karne nyingi kabla yake. Walijua kwamba hesabu fulani hutoa jibu sahihi, nao wakairithisha kwa wana wao. Thales ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza miongoni mwa Wagiriki kuuliza ni kwa nini jibu hilo ni sahihi, na iwapo litakuwa sahihi daima.

Proclus, msomi wa karne ya 5 BK, aliandika kwamba Thales ndiye wa kwanza kuthibitisha kuwa kipenyo hugawa duara katika sehemu mbili zilizo sawa. Jambo hilo huonekana wazi hata kwa mtoto. Hata hivyo, kwa Thales kuonekana pekee hakukutosha.

Kanuni ya pembe katika nusu duara huthibitishwa kwa hatua chache. Mstari ukichorwa kutoka kitovu cha duara hadi nukta iliyo kwenye mzingo, pembetatu kubwa hugawika ikawa mbili ndogo. Kila mojawapo ina pande mbili zinazolingana, kwani pande hizo ni nusu kipenyo cha duara lilo hilo moja. Pande zikilingana, pembe zinazozikabili hulingana pia.

Kwa hivyo, pembe iliyo kwenye mzingo, ambayo mstari huo umeigawa mara mbili, ni sawa na jumla ya zile pembe nyingine mbili za pembetatu kubwa. Na kwa kuwa pembe zote tatu hujumlishwa kuwa nyuzi 180, ile ya mzingoni huchukua nusu yake, yaani nyuzi 90.

Mwandishi Diogenes Laertius, wa karne ya 3 BK, alinakili simulizi kwamba Thales alipoichora pembetatu hiyo ndani ya duara alichinja ng'ombe dume kutoa shukrani kwa miungu. Mwandishi huyo aliongeza kuwa wapo waliompa Pythagoras sifa hiyo.

Maisha ya Thales hayakuishia kwenye michoro. Herodotus aliandika kwamba alitabiri mwaka ambao jua lingepatwa. Kupatwa huko, ambako wataalamu wengi wanakubaliana kulitokea Mei 28, 585 KK, kulikuta majeshi ya Lidia na Wamedi katikati ya mapigano. Mchana ulipogeuka usiku, askari waliacha vita na watawala wao wakafanya mapatano ya amani.

Aidha, aliwashauri Wagiriki wa pwani hiyo waunde baraza moja la pamoja katika mji wa Teos, ili waunganishe nguvu zao.

Hata hivyo, walikuwapo waliomkejeli. Plato alisimulia jinsi Thales alivyotumbukia kisimani akitazama nyota, na kijakazi mmoja akamcheka kwa kutaka kuyajua ya mbinguni ilhali hayaoni yaliyo miguuni pake.

Wengine walimsuta kwa umaskini wake, wakidai kwamba elimu haimfai mtu kitu. Kwa mujibu wa Aristotle, Thales aliwajibu kwa vitendo. Majira ya baridi alitambua kwamba mavuno ya zeituni yangekuwa mengi. Akalipa arbuni kidogo na kukodi vinu vyote vya kukamulia mafuta mjini Miletus na kisiwani Chios. Msimu ulipofika, kila mkulima alivihitaji, naye akavikodisha kwa bei aliyoitaka. 

Thales alifariki yapata mwaka wa 546 KK akiwa mzee wa miaka 78 hivi. Inasemekana alizidiwa na joto na kiu alipokuwa akitazama mashindano ya michezo.

Hakuna maandishi yake yaliyosalia. Lakini yapata mwaka wa 300 KK, Euclid wa Alexandria alitenga kitabu kizima, cha tatu kati ya 13 vya kazi yake iitwayo Elements, kueleza kanuni za duara. Pembe katika nusu duara imo humo, kila hatua ikitegemea ile iliyoitangulia.

Kanuni hiyo ingali na manufaa. Anayetafuta kitovu cha duara dogo lililochorwa karatasini aweza kuweka kona ya daftari kwenye mzingo wake na kutia alama pale pande mbili za daftari zinapoukata mzingo. Mstari unaounganisha alama hizo ni kipenyo. Akirudia mahali pengine, vipenyo viwili vitakutana kitovuni.

Mwanafunzi anayekariri kanuni hiyo kwa ajili ya mtihani pekee huenda akaisahau upesi. Anayeielewa sababu yake ataweza kuijenga upya mwenyewe wakati wowote, bila kumtegemea mwalimu wala kitabu. Huo ndio urithi wa Thales.