Kanoni Apolo Kivebulaya, Askari Aliyejifunza Kusamehe

Kila ifikapo tarehe 30 Mei Waanglikana wa sehemu mbalimbali za dunia humkumbuka Kanoni Apolo Kivebulaya, mtume wa Mboga. Vijana wetu wengi hawamjui, ingawa ni jirani yetu wa Afrika Mashariki. Basi tumeona vema kuyaeleza maisha yake kwa ufupi, maana ndani yake mna fundisho ambalo sisi wa Temeke na Kinondoni tunalihitaji sana.

Apolo alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Alikuwa pacha, akaitwa Waswa, jina wapewalo pacha wa kwanza wa kiume kule kwao, kama sisi tunavyosema Kulwa. Katika ujana wake alifundishwa dini ya Kiislamu, kwa kuwa siku zile Uislamu ulikuwa umekwisha kuingia katika nchi ya Kabaka Mutesa. Baadaye alisikia mafundisho ya Alexander Mackay, mmisionari fundi aliyefika Buganda mwaka 1878, na maneno yale yakabaki moyoni mwake kama mbegu iliyosubiri mvua.

Lakini kabla mbegu haijaota, vita vilikuja. Mwaka 1888 Kabaka Mwanga aliondolewa katika kiti chake, na tangu hapo watu wa dini mbalimbali wakashika silaha wao kwa wao, hata Wakristo wenyewe, Waprotestanti na Wakatoliki, wakapigana Mengo mwaka 1892. Waswa alikuwa askari katika nyakati hizo. Mwaka 1891 alikwenda magharibi hadi Toro pamoja na msafara wa Kapteni Lugard. Kila mtu anayefahamu vita vya siku zile anajua kwamba askari alikula alichokipora: migomba ya watu, mbuzi wa watu, na mara nyingine hata watu wenyewe. Shule hiyo haimfundishi mtu upole.

Jina lake la Kivebulaya lilitokana na maisha hayo. Maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya, nalo alipewa kwa sababu ya vazi jekundu la askari alilopenda kulivaa juu ya kanzu yake nyeupe. Jina hilo halikumtoka hata alipokuwa mtumishi wa Mungu.

Januari mwaka 1895 alibatizwa, akachagua jina la Apolo, jina la yule mhubiri wa Aleksandria tunayemsoma katika Matendo ya Mitume. Mwaka huohuo akajitolea kwenda kufundisha Toro. Aliirudia nchi ile ile aliyoikanyaga akiwa na bunduki, safari hii akiwa na kitabu. Tuliokuwa walimu tunajua kwamba si rahisi kurudi mahali ambapo watu wanakukumbuka kwa mambo ya zamani.

Mwaka 1896 alitumwa mbele zaidi, kupita milima ya Ruwenzori na mto Semliki hadi Mboga, ukingoni mwa msitu mkubwa wa Kongo. Waalimu wawili waliomtangulia walikuwa wameondoka kwa njaa, kwa sababu mtawala wa Mboga, Tabaro, aliwakataza watu wasiwape chakula. Apolo alipofika alikuta amri ni ile ile. Yeye akachukua jembe, akalima shamba lake mwenyewe. Lakini mafundisho yake juu ya pombe na juu ya wake wengi yalimuudhi Tabaro, naye akaamuru mwalimu apigwe.

Hapa tusiwe wepesi wa kumlaumu Tabaro. Askari wa Kisudani walioachwa na Lugard katika ngome za Toro walikuwa wamewatesa sana wananchi kwa uporaji. Sasa anakuja mtu kutoka upande huo huo, mwenye jina la kukumbusha mambo ya Ulaya, naye anageuza desturi za nchi. Mtawala gani asingeshtuka?

Kisha likatokea jambo baya zaidi. Watu walipokuwa wakikusanya majani ya kujengea kanisa, dada yake Tabaro aliangukia mkuki akafa. Ilikuwa ajali, lakini Tabaro alimshtaki Apolo kwamba ameua. Apolo akafungwa, akapelekwa Fort Portal kwa Wazungu waliotawala, akatiwa gerezani. Askari wa jana akawa mfungwa, na shtaka lenyewe ni la damu ambayo hakuimwaga.

Katika taabu hiyo, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alimwona Bwana Yesu aking'aa kama jua, akimtia moyo asiogope kwa kuwa yupo pamoja naye. Hatimaye ilionekana kuwa hana hatia, akaachiliwa.

Ndugu, tutulie kidogo hapa. Apolo alikuwa huru, na Toro ilikuwa na kazi nyingi kwa mwalimu kama yeye. Tena alikuwa na rafiki zake Buganda, watu waliojua kutumia bunduki, na alijua jinsi vijiji vinavyoadhibiwa. Askari aliyekuwa ndani yake angeweza kurudi kwa njia hiyo. Naye alirudi kweli, lakini bila silaha, bila kudai fidia, akaenda kuishi karibu na mtu aliyetaka kumwangamiza. Tabaro alishindwa na jambo hilo. Fimbo alizijua, na askari alikwisha kuwaona, bali mtu anayedhulumiwa kisha akarudi na neno jema hakuwa amemwona. Mwishowe akaomba kufundishwa, akabatizwa, akaitwa Paulo, jina la mtesaji mwingine aliyegeuzwa. Mshtaki na mshtakiwa wakaomba pamoja.

Askofu Alfred Tucker alimfanya Apolo kuwa shemasi mwaka 1900, na kasisi mwaka 1903. Alihudumu Toro kwa miaka mingi, kisha akarudi Mboga, ambayo wakati huo ilikuwa imeingizwa katika Kongo ya Wabelgiji. Hakuoa kamwe. Katika miaka yake ya mwisho aliingia msituni kwa Wambuti, watu waliodharauliwa na majirani zao, akawafundisha na kuwabatiza. Mwaka 1922 alipewa ukanoni wa Namirembe. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933, akiwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, ili hata kaburi lake lionyeshe kazi iliyobaki. Mwaka 1972 Mboga ikawa makao ya dayosisi, na leo Kanisa Anglikana la Kongo ni jimbo kamili.

Sasa tujiulize wenyewe. Katika mitaa yetu wako majirani wasiosalimiana kwa sababu ya mpaka wa kiwanja. Wako ndugu waliogombana juu ya nyumba ya marehemu baba yao, na kila Jumapili mmoja huketi kulia na mwingine kushoto, kisha wote wawili wakaisogelea Meza ya Bwana. Tunasema tumesamehe, ila njia ya kupita mlangoni kwa yule mtu tumeiacha, tunazunguka. Apolo hakuzunguka. Kusamehe kwake kulikuwa ni kutembea, tena safari ya siku kadhaa kwa miguu, hadi nyumbani kwa aliyemkosea.

Wala hakuuita uongo kuwa kweli. Kosa la Tabaro lilibaki kuwa kosa, naye Tabaro mwenyewe akaja kulikiri. Lakini aliyeanza safari ni yule aliyeumizwa.

Basi kabla ya Komunyo ijayo, kila mmoja wetu autafute mlango mmoja anaouzunguka, akabishe hodi. Mungu atusaidie. Amina.