Angelo Mosso, mwana wa fundi mbao aliyefuata njia ya damu mwilini

Kwenye hospitali nyingi zetu leo, mganga hubandika klipu ndogo kwenye kidole cha mgonjwa, taa nyekundu inawaka, na mashini inaonyesha mapigo ya moyo na kiasi cha oksijeni. Klipu hiyo inafuata damu inavyojaa na kupungua ndani ya kidole. Mmoja wa watu waliofanya wazo hilo kuwa kazi ya kweli ni Mwitaliano Angelo Mosso, aliyezaliwa Torino tarehe 30 mwezi wa tano 1846.

Baba yake alikuwa fundi mbao, na nyumbani pesa ilikuwa haba. Kijana huyo alikulia Chieri, karibu na Torino, akasoma uganga kwa shida na kupata diploma yake mwaka 1870.

Wakati huo elimu ya damu ilikuwa bado na deni kubwa la zamani. Tangu Galen, mganga wa karne ya 2, waganga waliamini kwamba magonjwa mengi huletwa na mwili kujaa damu kupita kiasi. Hali hiyo waliiita kwa Kigiriki plethora, yaani kujaa. Dawa ilikuwa kukata mshipa na kumwaga damu. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alitolewa damu mara kadhaa siku ile ile aliyokufa, mwezi wa kumi na mbili 1799. Wazee wetu nao waliumika kwa pembe. Lakini wapi penye kipimo? Mganga alitazama uso, akagusa mkono, akaamua.

Mosso alitaka kupima. Mwaka 1873 alienda Leipzig, Ujerumani, kwenye labo ya Carl Ludwig, aliyekuwa amebuni ngoma inayozunguka na kuandika mwendo wa mwili kwenye karatasi. Mosso akatumia chombo kinachoitwa pletismografu, jina linalotoka kwenye shina lile lile la plethora. Mtu anaingiza mkono ndani ya silinda ya kioo iliyojaa maji na kufungwa vizuri. Damu ikiingia mkononi, mkono unavimba kidogo sana, maji yanasukumwa, na kalamu inapanda. Damu ikitoka, kalamu inashuka. Wengine walikuwa wamejaribu kabla yake, lakini yeye alikiboresha na kukitumia kwa maswali mapya.

Siku moja mwenzake Luigi Pagliani alikuwa na mikono ndani ya silinda wakati profesa Ludwig aliingia chumbani. Kalamu zilianguka mara moja. Pagliani hakusogea wala kusema kitu, lakini damu ilikuwa imekimbia mikono yake kwa kumuona mkubwa wa kazi. Kila aliyewahi kusimama mbele ya profesa siku ya mtihani anajua jambo hilo. Mosso ndiye aliyeliweka kwenye karatasi.

Kazi yake iliyobaki na uzito zaidi ilikuja Torino, kwa mkulima Michele Bertino. Fuvu lake lilikuwa limevunjika na kuacha tundu, na ubongo ulionekana ukipiga chini ya ngozi. Kengele za kanisa zilipolia saa sita, mapigo ya ubongo yaliongezeka. Mosso akamuuliza kama hilo lilimkumbusha sala, yakaongezeka tena. Akamwambia azidishe 8 mara 12, ikawa vilevile. Jambo kubwa ni kwamba alipima mkono pia kwa wakati mmoja, na mkono haukubadilika hivyo. Basi si moyo uliosukuma kwa nguvu mwili mzima: damu ilikuwa imeitwa na ubongo wenyewe. Mashini za leo zinazopiga picha za ubongo unaofanya kazi zinasimama juu ya msingi huo.

Alitengeneza pia kitanda cha mizani: mtu analala juu yake bila kusogea, akianza kufikiri, upande wa kichwa unashuka. Wengi walicheka. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walirudia jaribio hilo kwa mizani ya kisasa na kuona kwamba halikuwa ndoto tupu.

Mwaka 1879 alichukua kiti cha profesa wa fiziolojia Torino. Aliandika kitabu juu ya woga (1884), kingine juu ya uchovu (1891), na mwaka 1894 akapanda Monte Rosa hadi mita 4.554 kuona hewa nyembamba inafanya nini mwilini. Mwaka 1904 akawa seneta.

Lakini ugonjwa wa uti wa mgongo ulimshika, miguu ikakataa. Labo ikawa ngumu kwake, akageukia kuchimbua mabaki ya kale kisiwani Krete na kuandika juu yake. Alikufa Torino tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 1910, akiwa na miaka 64.