Hukwe Zawose: Mpiga marimba wa Ugogo aliyeifanya pwani kuwa nyumbani

MSAFIRI anayetoka Dodoma kuja Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro hukata zaidi ya kilomita 400 kabla ya kuingia jijini, na Kibamba ni miongoni mwa vitongoji vya kwanza kumpokea. Kwa miaka mingi kitongoji hicho kilihesabiwa upande wa Kinondoni; hivi sasa kimo katika Wilaya ya Ubungo.

Mwisho wa wiki, kando ya barabara hiyo husikika muziki wa kila namna: kwaya, taarabu, bongo fleva, dansi la zamani na spika za harusi zinazoshindana mtaa kwa mtaa. Ni nadra kusikia marimba ya Wagogo. Na hilo ni jambo la kushangaza kidogo, kwani mpigaji mashuhuri kuliko wote wa ala hiyo, marehemu Hukwe Ubi Zawose, aliishi zaidi ya nusu ya umri wake katika ukanda huu wa pwani, kwanza Dar es Salaam na baadaye Bagamoyo, ambako alifariki dunia Desemba 30, 2003.

Zaidi ya miaka 20 imepita. Jina lake bado linatajwa katika maduka ya muziki na matamasha ya Ulaya, pengine kuliko linavyotajwa na vijana wa jiji alilolitumikia.

Zawose alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930 katika kijiji cha Ugogo, nyanda kame za katikati ya nchi ambazo leo ni Mkoa wa Dodoma. Ni nchi ya ng'ombe, uwele na mtama, yenye mvua za kubahatisha. Wazee wa kizazi cha baba yake walikuwa bado wakiikumbuka Mtunya, njaa kubwa iliyoikumba Ugogo mara baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia na kuwaua watu wengi mno. Katika nchi ya namna hiyo muziki haukuwa pambo. Ulikuwamo katika jando, mavuno, unywaji wa pombe ya nafaka, kuomba mvua na kuchunga mifugo.

Kama watoto wengi wa kiume wa Kigogo, Hukwe alichunga ng'ombe wa baba yake. Na baba huyo alikuwa mwanamuziki. Ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza, na kwa hakika ndiye mwalimu wake mkuu.

Ili kuelewa alichofundishwa, yafaa kusimama kidogo kwenye ala yenyewe. Watu wa pwani huiita marimba. Wagogo huiita ilimba. Ni kisanduku cha mbao chenye mwanya ndani, na juu yake zimepangwa ndimi za chuma zinazobonyezwa kwa vidole gumba. Zilizo ndogo hazina ndimi nyingi. Lakini zile kubwa alizozipiga Zawose zilikuwa na ndimi zaidi ya 60, na si zote zilizoguswa na kidole. Nyingine zimewekwa katikati ya wenzake ili zitikisike zenyewe pale jirani anapopigwa, na hivyo kila sauti huacha nyuma yake wingu jembamba la sauti nyingine.

Kuna jambo la pili ambalo wageni huliona kuwa la ajabu. Juu ya tundu la kisanduku hubandikwa kipande cha utando ambao buibui huufumia mayai yake. Utando huo hutetemeka na kuongeza mvumo mwembamba, kama wa nyuki aliye mbali. Fundi wa sauti wa studio angeweza kuuona mvumo huo kuwa ni kasoro ya kuondolewa. Kwa Mgogo, ilimba isiyovuma haijakamilika.

Halafu kuna ngazi ya sauti. Uzi mmoja uliokazwa kwenye uta, ukiguswa kwa wepesi hapa na pale, hutoa sauti kadhaa zilizojificha ndani yake. Muziki wa Wagogo umejengwa juu ya sauti hizo za asili, na si juu ya vipimo vya kinanda. Ndiyo maana sikio lililozoea gitaa hudhani kuna sauti moja iliyokaa chini kidogo ya mahali pake. Haikukosewa, iko pale uzi ulipoiweka. Kwa kuwa ilimba, zeze na koo la mwimbaji hufuata chimbuko hilo moja, vikiungana husikika kama kitu kimoja, na msikilizaji hupata taabu kujua chuma kimeishia wapi na mtu ameanzia wapi.

Ujuzi huu haukuwa na daftari. Hapakuwa na noti za kuandika wala saa ya darasa. Mtoto huketi karibu na mkubwa anayepiga, akatazama vidole, akasikiliza, kisha akajaribu mwenyewe kwenye ala ndogo. Kurekebisha sauti kwenyewe ni somo refu: ulimi wa chuma ukisogezwa mbele hadi ukawa mrefu, sauti hushuka, ukirudishwa nyuma, hupanda. Nani anayeamua kwamba sasa imefika? Sikio tu, na sikio hilo hujengwa kwa miaka, kwa kukaa jirani na mtu ambaye lake limekwishajengwa.

Mbali na ilimba, Zawose alimudu zeze, filimbi na uta wa muziki wenye kibuyu, na akafunga njuga miguuni alipocheza. Hata hivyo ala iliyowashangaza wengi ilikuwa koo lake. Aliweza kushuka hadi sauti ya ngurumo, kisha akapanda bila kuvuta pumzi hadi sauti nyembamba kama ya mtoto, na katikati akatia mikoromo na miito ya mchungaji anayeita mifugo kutoka mbali.

Sifa zake zilivuka mipaka ya Ugogo. Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere alikuwa ameunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akiamini kwamba nchi iliyofundishwa kudharau ngoma zake ingepaswa kujifunza upya kuziheshimu. Kikundi cha Taifa cha Ngoma kilifuata mwaka 1963. Ni katika hali hiyo Rais huyo, baada ya kuvutiwa na kipaji cha kijana huyu wa Kigogo, alimtaka ahamie Dar es Salaam kuishi na kufanya kazi ya muziki huko.

Kwa Zawose huo ulikuwa mwito wa heshima, lakini ulimtoa mahali ambapo kila msikilizaji alijua maana ya anachokipiga. Dar es Salaam ya miaka hiyo ilikuwa ya gitaa la umeme. NUTA Jazz ilikuwa imeanzishwa mwaka 1964; Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na Kilwa Jazz zilijaza kumbi, na mdundo wa rumba ulitawala redioni. Mbele ya yote hayo, mtu mwenye kisanduku cha mbao kilichobandikwa utando wa buibui alikuwa na kazi ya kuwashawishi watu wa mjini kwamba naye ni mwanamuziki, wala si kionyesho cha kuwafurahisha wageni wa serikali.

Hapo ndipo penye swali ambalo maisha yake yanaliibua. Ngoma za asili zilipopandishwa jukwaani kwa ajili ya taifa, zilipata hadhi mpya, lakini zilikatwa pia. Wimbo unaochezwa usiku kucha kijijini ulipewa dakika chache kwenye uwanja wa ndege au katika dhifa. Wengi walioingia katika utaratibu huo waliishia kurudia vipande vile vile miaka nenda rudi. Zawose hakuishia hapo, na sababu mojawapo ni kwamba aliendelea kukuza ala zake na kutunga mambo mapya. Ilimba na mazeze makubwa aliyopiga ukubwani yalikuwa yamepita mbali vipimo vya kawaida vya kijijini.

Ilikuwapo pia kejeli ndogo ya historia. Mwaka 1973 chama tawala, TANU, kiliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Serikali ikaanza safari ndefu ya kwenda Ugogo. Mgogo wake mashuhuri alikuwa ameshahamia upande wa pili, baharini.

Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza kazi, kikiwa mrithi wa vikundi vya taifa vya sanaa. Mji huo uko kilomita zipatazo 65 kaskazini ya Dar es Salaam. Zawose alikuwa miongoni mwa walimu wake, na Bagamoyo ikawa makazi yake hadi mwisho. Vijana waliotoka mikoa mbalimbali, wengi wao wakiwa hawajui hata neno moja la Kigogo, walijifunza marimba na zeze kutoka kwake. Chuo hicho ndicho kinachojulikana leo kama Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa.

Lakini darasa lake kubwa lilikuwa nyumbani. Familia yake ilikuwa kubwa, na jioni za nyumbani humo ziliendelea kama zilivyokuwa Ugogo: mkubwa anapiga, mdogo anakaa karibu. Kutokana na hao lilizaliwa kundi la familia, Chibite, neno la Kigogo lenye maana ya twende.

Nao walikwenda. Katika miaka ya 1980 Zawose alianza kujulikana Ulaya. Albamu ya Tanzania Yetu ilitoka Uingereza mwaka 1985. Mwaka 1996 ikafuata Chibite, chini ya lebo ya Real World iliyoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel, na baadaye Mkuki wa Rocho. Mwaka 2002 ilitoka Assembly, aliyoifanya pamoja na mpiga gitaa na mtayarishaji Michael Brook, ambamo ilimba imewekwa pamoja na mitambo ya kisasa. Wapo wanaoipenda kwa ujasiri wake. Kwa anayetaka kumjua Zawose mwenyewe, albamu za awali ndizo bora, kwa sababu ndani yake ukimya unaozunguka ala haukujazwa kitu.

Mwaka huo huo wa 2002 yeye na mpwa wake, Charles Zawose, walifungua maonyesho ya Peter Gabriel nchini Marekani, mbele ya kumbi zilizojaa watu waliokuja kusikiliza muziki wa roki. Mtu aliyejifunzia porini nyuma ya ng'ombe sasa alipiga chini ya taa za viwanja vya ndani vya Amerika, kwa ala ile ile, yenye utando ule ule wa buibui.

Desemba ya mwaka uliofuata alikuwa amefariki. Pigo lingine lilikuja mwaka 2004, pale Charles naye alipoaga dunia. Huyo ndiye aliyekuwa amesimama karibu zaidi na marehemu katika safari zake za mwisho, na wengi walimtazama kama mtu wa kuliendeleza jina hilo. Kwa muziki usioandikwa, vifo viwili katika muda mfupi kiasi hicho ni kama maktaba mbili kuungua.

Watoto wake walishika njia mbalimbali. Msafiri Zawose, mwanawe, amechukua ilimba na zeze na kuviunganisha na midundo ya kisasa. Albamu yake ya Uhamiaji ilitolewa mwaka 2017. Huko Ugogo kwenyewe, Chamwino, tamasha la muziki wa Kigogo limekuwa likiwakusanya wapigaji wa vijijini tangu mwaka 2009, na humo huonekana wazi kwamba chemchemi alikotoka Zawose haikukauka alipohama.

Jambo ambalo halikutarajiwa lilitokea upande wa wanawake. Kwa desturi ya Wagogo, ngoma ya muheme ni ya wanawake, ambao huibana kati ya mapaja na kuipiga kwa mikono. Ilimba na zeze vilikuwa vya wanaume. Katika kundi la familia pia mpangilio ulikuwa huo: mabinti waliimba, walicheza na kupiga muheme, huku vyuma na nyuzi vikibaki mikononi mwa kaka zao. Zawose, aliyebadilisha mambo mengi, hilo hakulibadilisha. Hata hivyo hakuna aliyeweza kuyaziba masikio ya mabinti waliokuwa wakisimama hatua chache tu kutoka kwa mpigaji, jioni baada ya jioni.

Pendo Zawose, binti yake, na Leah Zawose, mjukuu wake, wamejitokeza mbele ya kundi kwa jina la Zawose Queens. Mwaka 2024 lebo ile ile ya Real World ilitoa albamu yao, Maisha, na mwaka huo walipanda jukwaa la tamasha la WOMAD nchini Uingereza. Wanaimba, wanapiga muheme kama mama zao, na ilimba wanaipiga wenyewe.