Spicer-Simson, aliyevusha boti milimani

Wafanyabiashara wa Kasese na Bwera wanaovusha mizigo Mpondwe wanazijua taabu za barabara za Kongo. Mwaka 1915, Geoffrey Spicer-Simson, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, alipitisha huko boti mbili za vita, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town hadi Ziwa Tanganyika.

Alizaliwa Tasmania mwaka 1876. Reli ilipokoma, mamia ya Wakongo walizikokota boti hizo kuvuka milima ya Mitumba, wakisaidiwa na ng'ombe na matrekta ya mvuke. Desemba 26 aliiteka Kingani ya Wajerumani; Februari 9, 1916, akaizamisha Hedwig von Wissmann. Meli kubwa zaidi, Graf von Götzen, hakuishambulia. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai, injini wakiwa wamezipaka grisi zisioze.

Alifariki Kanada mwaka 1947.

Wanaopanga likizo ya kupiga mbizi hupenda kutazama meli zilizozama vitani. Götzen haikubaki huko chini: iliibuliwa mwaka 1924, ikaitwa Liemba, ikabeba abiria na bidhaa za wachuuzi kati ya Kigoma na Mpulungu.