Josel wa Rosheim, Mtetezi wa Wayahudi

Wasomaji wetu walio wengi wamekwisha kusikia habari za baraza la Augsburg la mwaka 1530, ambapo wakuu wa nchi na wa miji walimsomea Kaisari Karolo wa Tano ungamo la imani tunalolishika hata leo. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa katika baraza lile lile alikuwako Myahudi mmoja, aliyekuja kuwatetea watu wake. Jina lake Josel, mwenyeji wa Rosheim, mji mdogo wa Alsace, nchi ambayo siku zile ilikuwa ya milki ya Ujerumani na sasa ni ya Ufaransa. Twapenda kueleza maisha yake, wala hatutaficha sehemu ile inayotugusa sisi Walutheri.

Alizaliwa karibu na mwaka 1480. Kabla ya kuzaliwa kwake, mwaka 1470, jamaa za baba yake walichomwa moto katika mji wa Endingen kwa kusingiziwa kuwaua Wakristo. Basi alijua tangu utoto jinsi neno moja la uongo liwezavyo kuteketeza nyumba nzima. Mwaka 1510 Wayahudi wa upande wa kaskazini wa Alsace walimchagua, pamoja na wengine, kuwa wazee wao. Miaka minne baadaye yeye mwenyewe alitiwa gerezani pamoja na wenziwe, wakishitakiwa kwamba wameunajisi mkate wa Meza ya Bwana. Wakakaa kifungoni majuma kadhaa, hata ilipoonekana kuwa hawana hatia wakafunguliwa.

Mwaka 1525 wakulima wa nchi ile waliinuka juu ya mabwana zao, wakakusanyika wengi sana katika nyumba ya watawa huko Altorf, karibu na Rosheim. Wahubiri mashuhuri wa Strasbourg, Capito, Bucer na Zell, walikwenda kuwasihi warudi makwao, wasisikilizwe. Ndipo Josel akaenda. Fikirini, ndugu: Myahudi, ambaye wakulima walikuwa wakimtafuta yeye na watu wake ili wawanyang'anye mali, anaingia peke yake katikati ya watu wenye silaha! Akazungumza na wakuu wao, akawaahidi na fedha, hata wakakubali kutowadhuru Wayahudi, na mji wa Rosheim wakauacha. Hivyo mji uliookolewa ni mji wa Wakristo, na aliyeuokoa ni mtu ambaye hakuhesabiwa kuwa raia kamili ndani yake.

Huko Augsburg alishindana mbele ya Kaisari na Antonius Margaritha, aliyekuwa Myahudi akabatizwa, kisha akaandika kitabu cha kuwashitaki Wayahudi. Margaritha akashindwa, akafungwa, akafukuzwa mjini. Lakini Josel hakutosheka na kushinda. Aliwaita wajumbe wa Wayahudi, wakaandika maagizo ya biashara na ya kukopesha fedha, kusudi asiwepo Myahudi wa kumdhulumu Mkristo. Naye akawaomba watawala watimize upande wao, wawaache watu wake wakae kwa amani, kwa kuwa nao ni wanadamu walioumbwa na Mungu. Kwetu sisi jambo hili ni kubwa kuliko ule ushindi. Mwenye kuwatetea watu wake huwa mwepesi wa kuyasahau makosa yao, lakini yeye hakuyasahau.

Mwaka 1536 mtawala wa Saxony, Johann Friedrich, alitoa amri ya kuwafukuza Wayahudi katika nchi yake. Josel akasafiri mwaka 1537, akichukua barua ya Capito kwa Luther, maana alijua ya kuwa mwaka 1523 Luther alikuwa amewaandikia Wakristo wawatendee Wayahudi kwa upole. Luther akakataa kumwombea kwa mtawala. Alijibu kwamba Wayahudi wameutumia vibaya upole wake. Josel akageuka njia, ila hakukata tamaa. Mwaka 1539 wakuu walipokutana Frankfurt, Melanchthon, rafiki yake Luther, alitangaza kwamba wale Wayahudi 38 waliochomwa moto Berlin mwaka 1510 hawakuwa na hatia. Mtawala wa Brandenburg aliposikia hayo akaacha shauri lake la kuwafukuza Wayahudi.

Kisha mwaka 1543 Luther akatoa kitabu kikali sana, akiwashauri watawala wazichome moto sinagogi na nyumba za Wayahudi. Josel akawaandikia wazee wa mji wa Strasbourg, akawaeleza hatari itakayowapata watu wake. Wazee wale, nao walikuwa wa upande wa matengenezo ya Kanisa, wakakataza kitabu kile kisipigwe chapa mjini mwao. Katika karne ya 20, wale waliowaua Wayahudi wa Ulaya walikitumia kitabu hicho. Walutheri walikataa waziwazi maneno hayo ya Luther walipokutana na Wayahudi huko Stockholm mwaka 1983.

Mwaka 1544, katika baraza la Speyer, Josel alipata kwa Kaisari barua ya kuwahakikishia Wayahudi ulinzi katika milki yote. Alikuwa amekuwa mzee, na bado aliitwa huku na huku. Aliandika pia kwa Kiebrania habari fupi za mambo aliyoyaona, akitaja taabu moja baada ya nyingine na jinsi ilivyoondolewa. Alikufa Rosheim mwaka 1554, na baada yake Wayahudi wa milki hawakupata tena msemaji mmoja aliyesikilizwa kila mahali kama yeye.